Kuipima Mashine ya Pinboli Kabla ya Kuinunua

Miongoni mwa shehena za vyombo vilivyokwishatumika zinazoingia Unguja kutoka ng'ambo, yaani majokofu, televisheni, feni na baiskeli, huenda siku moja kikashushwa chombo ambacho wachukuzi wa bandari ya Malindi wasijue wakiiteje: sanduku refu la mbao lenye miguu minne ya chuma, mfuniko wa kioo, na kichwa kilichosimama wima chenye picha ya mtu aliyevaa nguo nyekundu na buluu akiruka baina ya majumba marefu. Hiyo ni mashine ya pinboli. Mwenye duka la kahawa au ukumbi wa vijana wa Darajani au Michenzani akiiona inawaka taa hupata tamaa papo hapo, na mwenye kuiuza anaijua tamaa hiyo. Picha ya shujaa ndiyo inayotajwa kwanza, na ndiyo inayopandisha bei.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba picha hiyo ni jambo la mwisho kutazamwa. Thamani ya mashine kama hiyo katika Mji Mkongwe huamuliwa na mambo yanayopimika: mwinamo wa ubao, ukinzani wa koili, hali ya umeme, na zaidi ya yote chumvi iliyomo hewani. Vyombo vya kupimia ni vile vinavyopatikana kwa mafundi wa kawaida, yaani pima maji ya seremala, mita ya umeme ya fundi redio, tochi, na saa yenye kuhesabu sekunde.

Gololi na mwinamo

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi hurushwa kwa fimbo yenye springi hadi juu ya ubao ulioinama. Kutoka huko mvutano wa dunia huirudisha chini, nayo njiani hugonga vizuizi vya mpira na kukanyaga swichi zinazohesabu pointi. Chini kabisa lipo shimo, na juu kidogo ya shimo hilo vipo vibao viwili vinavyoendeshwa na sumaku-umeme. Mchezaji hubonyeza vitufe vya ubavuni, vibao vikaruka, gololi ikarudi juu.

Vibao hivyo havikuwapo tangu mwanzo. Vilitiwa mwaka 1947 na kampuni ya Gottlieb ya Chicago katika mashine iliyoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo mchezaji aliirusha gololi kisha akabaki kuitazama na kuitikisa mashine, kwa hiyo wengi waliuhesabu mchezo huo kuwa ni kamari. Jiji la New York liliupiga marufuku mwaka 1942, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1976, baada ya mchezaji mmoja aitwaye Roger Sharpe kuonyesha kwa vitendo mbele ya madiwani kwamba gololi inaweza kupelekwa pale mchezaji anapokusudia. Wazee wa mtaa wowote wa Unguja wataliuliza swali lile lile, na wana haki ya kuliuliza. Jibu ni kwamba mashine hii hailipi fedha. Anayeshinda hupata mchezo mmoja wa ziada. Mashine iliyobadilishwa hata ikatoa fedha ni chombo kingine kabisa, na haimo katika mazungumzo haya.

Wachezaji wa keram wanajua kwamba ubao ukipakwa poda kete huteleza mbali zaidi. Gololi ya pinboli haitelezi bali hubiringika, na tofauti hiyo inafaa kueleweka. Kitu kinachobiringika hutumia sehemu ya nishati yake kujizungusha, na kwa hiyo mchapuko wa gololi nzima juu ya mwinamo ni 5/7 tu ya ule ambao ingeupata kama ingeteleza bila msuguano. Mashine za kisasa huinamishwa kiasi cha digrii 6.5, ambao ni mpando wa sentimita 11.4 kwa kila mita moja ya urefu. Kwa mwinamo huo mchapuko wa gololi ni mita 0.79 kwa sekunde kwa sekunde. Mashine za zamani, zile zilizokuwa hazina elektroniki, zilitengenezwa kwa digrii 3.5 hivi, na mchapuko wake ni mita 0.43 tu.

Hapa mnunuzi anaweza kufanya jaribio dogo. Mashine ikiwa imezimwa na kioo kimeondolewa, itafutwe njia iliyo wazi yenye urefu wa nusu mita, gololi iachiwe bila ya kusukumwa, na muda upimwe. Kwa mwinamo wa digrii 6.5 gololi itafika kwa sekunde 1.1; kwa digrii 3.5 itachukua sekunde 1.5. Jaribio lirudiwe mara kumi na wastani utafutwe, maana mkono wa mtu ni mzito kuliko saa. Ikiwa pima maji inaonyesha mwinamo sahihi lakini gololi inachelewa au inakwama, uso wa ubao una uchafu au umelika. Ikiwa inakwenda upande mmoja ilhali pima maji inaonyesha usawa kutoka kushoto hadi kulia, ubao wenyewe umepinda. Miguu ya mashine ina skrubu za kurekebisha mwinamo. Ubao uliopinda hauna skrubu. Huo ni ugonjwa wa unyevu, na mashine yenye ugonjwa huo iachwe hata kama taa zake zote zinawaka.

Chumvi

Kila mpishi wa Unguja anajua kwamba wakati wa Masika chumvi hulowa ndani ya kibakuli. Sababu yake ni hii: unyevu wa hewa unapofikia asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kuyanyonya maji yaliyomo hewani hadi ikayeyuka yenyewe. Chini ya kiwango hicho ni vumbi kavu lisilodhuru sana. Juu yake ni maji ya chumvi. Hewa ya kisiwani huipita asilimia 75 katika siku nyingi za mwaka, hasa usiku na alfajiri, na upepo unaotoka baharini, uwe kaskazi au kusi, hubeba chembe ndogo mno za chumvi na kuziingiza madirishani.

Basi ifikiriwe hali ya ndani ya mashine ya pinboli. Humo mna mamia ya viungo ambamo metali mbili tofauti zinagusana: shaba na lehemu, chuma na zinki, fedha na shaba. Utando mwembamba wa maji ya chumvi ukikaa juu ya kiungo cha namna hiyo, hutokea betri ndogo isiyotakiwa na mtu, na metali moja huliwa ili nyingine ipone. Mnunuzi mwenye tochi anaweza kuisoma hali hiyo kwa rangi. Ukoko wa kijani ni shaba inayoliwa. Rangi ya kahawia ni chuma. Unga mweupe juu ya mabano na skrubu aghalabu ni zinki. Ukoko kidogo wa kahawia kwenye miguu si kitu, kwani miguu hubadilishwa. Ukoko wa kijani kwenye swichi zilizo chini ya ubao ni habari nyingine, kwa sababu swichi hizo ni nyingi na kila moja hudai kusafishwa kwa mkono.

Gololi yenyewe itolewe na itazamwe. Gololi yenye vidoa vya kutu hufanya kazi ya msasa: kila mara inapopita hukwangua rangi ya ubao. Gololi ni rahisi kununua. Ubao uliochorwa si rahisi. Muuzaji aliyeiacha gololi yenye kutu ndani ya mashine amekwisha kueleza, bila ya kujua, namna alivyoitunza sehemu iliyobaki.

Katika mashine za zamani picha ya shujaa imepakwa rangi nyuma ya kioo cha kichwani. Joto la balbu huikausha rangi hiyo, unyevu huilegeza, kisha hubanduka kwa magamba kama chokaa ya ukuta mbovu. Hivyo ile picha inayopandisha bei ndiyo inayotangulia kuharibika katika hewa ya pwani. Katika mashine za miaka ya karibuni picha imechapishwa juu ya karatasi ya plastiki, nayo huvumilia zaidi.

Umeme

Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya wa kwanza, wa megawati 45, ulianza kazi mwaka 1980 kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Wa pili, wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Katikati ya miaka hiyo kisiwa kilikaa gizani mara mbili: karibu mwezi mmoja kuanzia Mei 2008, na tena kiasi cha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Wengi waliendesha shughuli zao kwa jenereta ndogo, na wapo waliojifunza wakati huo kwamba jenereta isiyodhibitiwa vyema hupandisha na kushusha volti kiasi cha kuunguza vyombo. Hali leo ni nafuu kuliko wakati ule. Hata hivyo chombo cha elektroniki kisitumiwe Unguja bila ya kilinda volti.

Umeme wa Unguja ni wa volti 230, na mkondo wake hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani peke yake hutarajia volti 120 na marudio 60. Mafundi wengi hudhani kwamba kifaa cha kushushia volti kinatosha. Kinasahihisha volti, lakini marudio hubaki yale yale 50. Katika transfoma, usumaku wa kiini huongezeka kadiri marudio yanavyopungua, na 60 ikigawanywa kwa 50 ni 1.2, maana yake kiini hubebeshwa usumaku uliozidi kwa asilimia 20. Ikiwa mtengenezaji hakuacha nafasi hiyo, transfoma hupata joto kupita kiasi na maisha yake hufupika. Kwa hiyo kibandiko cha mashine kisomwe. Kikitaja 50/60, mashine inafaa. Mashine iliyopitia Ulaya kwa kawaida ina transfoma yenye ncha kadhaa za kuchagulia volti, na hiyo ni bora kuliko ile iliyotoka Marekani moja kwa moja, hata kama picha ya hii ya pili inang'aa zaidi.

Baada ya kusoma kibandiko, koili zipimwe. Koili ya kibao cha kupigia huwa na nyuzi mbili zilizozungushwa pamoja: waya mnene wa kupiga, na waya mwembamba wa kushikilia. Ichukuliwe kwa mfano koili ya volti 48 yenye waya wa kupiga wa omu 4. Mkondo wake ni ampea 12, na nguvu yake ni wati 576, sawa na pasi ndogo ya umeme. Nguvu hiyo inatakiwa kwa muda mfupi mno. Kibao kinapofika mwisho wa safari yake hufungua swichi ndogo, na mkondo hulazimika kupita pia katika waya mwembamba wenye, tuseme, omu 150. Hapo mkondo hushuka hadi ampea 0.31 na nguvu hadi wati 15. Swichi hiyo ndogo ikiganda kwa kutu na isifunguke, zile wati 576 huendelea muda wote mchezaji anapokishikilia kitufe, na koili huungua. Harufu ya varnishi iliyoungua chini ya ubao haifichiki. Mita ya umeme ikionyesha ukinzani unaokaribia sifuri, nyuzi za koili zimegusana na koili haifai tena.

Jambo moja halina mjadala. Ubavu na miguu ya mashine hii ni ya chuma, nyumba nyingi zina sakafu yenye unyevu, na watoto hucheza pekupeku. Plagi iwe ya ncha tatu na waya wa ardhi uwe mzima kutoka kwenye plagi hadi kwenye miguu, jambo ambalo mita huthibitisha kwa nusu dakika. Mashine ambayo waya wake wa ardhi umekatwa isiwashwe, wala kwa kujaribu.

Ni shujaa yupi

Sasa picha inaweza kutazamwa, si kwa uzuri wake bali kwa sababu hueleza umri wa mashine na aliyeitengeneza. Superman ya Atari ilitoka mwaka 1979, wakati kampuni hiyo ilipokuwa inakaribia kuacha kazi ya pinboli. Isitoshe sanduku lake ni pana kuliko kawaida, na wachukuzi wa vichochoro vya Mkunazini hawatalipenda. Gottlieb ilitoa The Incredible Hulk mwaka 1979 na The Amazing Spider-Man mwaka 1980, kisha ikafungwa mwaka 1996. Batman ya Data East ni ya mwaka 1991. Spider-Man ya kampuni ya Stern, iliyobuniwa na Steve Ritchie, ilitoka mwaka 2007 na ikatolewa upya mwaka 2016 kwa michoro mingine. Katika hizo zilizotajwa, Stern ndiyo inayoendelea kutengeneza mashine hadi leo, na kwa mnunuzi aliye Unguja hilo lina maana kuliko sifa za shujaa.

Zile mbili za Gottlieb zina kasoro inayojulikana. Juu ya bodi yake kuu imelehemiwa betri ya kuchajiwa ya nikeli na kadimiamu, kazi yake kuhifadhi hesabu za mchezo umeme ukizimwa. Betri hiyo ikizeeka huvuja maji makali ya potashi, nayo hutafuna njia za shaba za bodi na kutambaa hadi kwenye viunganishi. Kichwa cha mashine kifunguliwe na mahali pa betri patazamwe. Ikiwa uvujaji umeanza tu, betri ing'olewe na sehemu hiyo ipanguswe kwa siki, kwani asidi ya siki huvunja ukali wa potashi; kisha ioshwe kwa maji yaliyotoneshwa na kukaushwa kabisa. Ikiwa njia za shaba zimekwisha kuwa nyeusi au zimekatika, bei iteremshwe kwa gharama ya bodi mpya, pamoja na usafiri wake. Bodi za badala zipo, hutengenezwa na karakana ndogo za Ulaya na Marekani, lakini hakuna dukani Darajani.

Mahali pa kuiweka

Mashine ina uzito wa kilo 110 hadi 130. Nyumba ya Mji Mkongwe humpa mwenyewe mitihani miwili. Ghorofa ya chini ina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo hunyonya maji kutoka ardhini pamoja na chumvi yake. Ghorofa ya juu ina hewa kavu zaidi, lakini sakafu yake imebebwa na boriti za mikoko ambazo huenda zina umri wa miaka mia na ushei, na mchwa hawakutoa taarifa. Waliokuwapo mjini tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka, hawahitaji kuelezwa kwamba jengo kuukuu lina kikomo.

Kwa hesabu, kila mguu hubeba kilo 30 hivi juu ya eneo dogo kuliko kiganja, na wachezaji wawili wakiiegemea uzito huongezeka. Ikiwekwa juu, ilazwe juu ya mbao mbili nene zinazokata boriti kadhaa, karibu na ukuta unaobeba sakafu, na boriti zenyewe zigongwe na kukaguliwa kwanza na fundi. Ikiwekwa chini, iinuliwe juu ya jukwaa la mbao na iachiwe nafasi ya sentimita 30 kutoka ukutani ili hewa ipite. Kabla ya yote, ngazi zipimwe. Miguu ya mashine hufunguliwa na kichwa hulazwa, lakini sanduku hubaki na urefu wa mita 1.3 hivi, na ngazi nyingi za Mji Mkongwe hazikujengwa kwa ajili ya mzigo kama huo.

Hesabu ya fedha

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mashine pamoja na usafiri, ushuru na matengenezo ya kwanza imefikia shilingi 9,000,000. Mchezo mmoja ni shilingi 500, na kwa siku huchezwa michezo 30. Katika siku 26 za mwezi mapato ni shilingi 390,000. Mashine ya balbu za kawaida hutumia wati 250 hivi, yaani uniti 2.5 kwa saa kumi. Balbu zikibadilishwa kwa taa za LED matumizi hupungua, na joto linalobandua picha hupungua pia. Umeme, kodi ya mahali, msimamizi na vipuri vikiwa jumla ya shilingi 240,000, hubaki 150,000 kwa mwezi, na fedha iliyotolewa hurudi baada ya miezi 60.

Mashine hiyo hiyo ikilala siku nane kwa mwezi kwa kungoja koili au fundi, mapato hushuka hadi shilingi 270,000, ilhali sehemu kubwa ya gharama haipungui. Hubaki shilingi 30,000, na muda wa kurudisha fedha huwa miezi 300, yaani miaka 25. Haitaishi muda huo kando ya bahari. Kwa wenye maduka wengi, ubao mzuri wa keram na viti vinne vitaleta wateja wa kahawa kwa gharama ndogo sana, na hakuna aibu kulisema hilo.

Anayeamua kununua, baada ya vipimo vyote, aitake mashine iwashwe kwa saa mbili mfululizo mbele yake, mchana, milango yote ikiwa wazi. Saa hizo zikiisha plagi ichomolewe na transfoma iguswe: ikiwa kiganja hakiwezi kuvumilia juu yake kwa sekunde tano, isinunuliwe. Ikifaulu, siku hiyo hiyo ziagizwe gololi nne mpya, seti moja ya mipira, fyuzi za kila kipimo kilichoandikwa ndani ya sanduku, na koili mbili za vibao vya kupigia, kwa kuwa agizo hilo huchukua wiki kadhaa kufika na koili haichagui siku ya kuungua.